Kwenda Alaska kwa meli na kuziona nuru za kaskazini: mwongozo kwa anayeanza

Naishi Seattle, mji ambao meli nyingi za Alaska hung'oa nanga. Kila mwaka ikifika Februari maswali huanza, na huwa ni yale yale. Shemeji wa Nairobi anataka kuja Juni na mkewe, waione barafu pamoja na "ile mianga ya kijani". Binamu aliye Muscat ameshalipia meli ya Julai, ndiyo sasa anauliza aurora, yaani hizo nuru za kaskazini, hutoka saa ngapi. Jibu la binamu linauma: Julai aurora iko juu kule kama kawaida, ila anga halifungi giza, kwa hiyo hutaiona hata ukikesha.

Kosa linaloharibu safari nyingi ni kudhani kwamba meli na aurora ni kitu kimoja. Meli hupita kusini-mashariki mwa Alaska wakati wa kiangazi, katika pwani ya mvua na mawingu. Nuru zinataka giza, anga safi, na wewe uwe kaskazini zaidi. Mambo hayo hukutana kwa wiki chache tu, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Septemba, na hata hapo pa kuzitafuta ni Fairbanks, bara kabisa, mbali na sitaha ya meli. Kwa hiyo mpango ninaoueleza hapa ni siku saba baharini kwa ajili ya barafu na nyangumi, kisha mikesha mitatu au minne Fairbanks kwa ajili ya nuru.

Nadharia ni hii tu: chembechembe zinazotoka kwenye jua huongozwa na usumaku wa dunia hadi kwenye duara linalozunguka ncha ya kaskazini, na zikigonga hewa kwenye kimo cha kilomita 100 na zaidi, hewa hiyo hung'aa. Fairbanks iko chini ya duara hilo karibu kila siku. Njia ya meli iko kusini yake.

Saa zote humu ni za Kiswahili.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Likizo ya siku 12 hadi 14. Ukiwa na siku 8 tu, chagua kimoja: meli au nuru.
- Pasipoti itakayobaki hai miezi sita baada ya safari.
- Viza ya Marekani na, mara nyingi, ya Canada pia (angalia hatua ya 3).
- Bajeti yenye mafungu yote. Bei ya meli unayoiona kwenye tangazo haina bakshishi, ambayo kwa meli kubwa ni kama dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa siku, wala haina ziara za bandarini, intaneti, ndege na hoteli.
- Bima ya safari inayolipia kuhamishwa kwa ndege ukiugua. Bandari nyingi za huku hazina barabara ya kutokea.
- Nguo za baridi na mvua (hatua ya 6).

Hatua ya 1: Chagua tarehe kabla ya kuchagua meli

Meli za Alaska huanza mwishoni mwa Aprili na huisha Oktoba, lakini msimu wenyewe ni Mei hadi Septemba. Katikati ya Juni, Juneau hupata jua kwa saa 18 hivi, na Fairbanks karibu saa 22. Ndiyo maana wenyeji wa Fairbanks huhesabu msimu wa nuru kuanzia 21 Agosti hadi 21 Aprili.

Tafuta meli itakayokushusha kati ya tarehe 5 na 15 Septemba. Hapo usiku umesharudi, bei mara nyingi zimeshuka kuliko za Julai, na nyangumi bado wapo. Tena karibu na siku ambayo usiku na mchana hulingana, yaani 22 Septemba hivi, misukosuko ya usumaku wa dunia huwa mingi zaidi, na nuru hufaidika. Halafu fungua kalenda ya mwezi: mbalamwezi hufifisha nuru hafifu, kwa hiyo mikesha ya Fairbanks iangukie mwezi mchanga ukiweza.

Onyo: Septemba ni miongoni mwa miezi yenye mvua nyingi zaidi kwenye pwani ile. Usiwaahidi watoto jua.

Na kama barafu na nyangumi si shida yako, wewe ni nuru tu, basi achana na meli. Nenda Fairbanks mwezi Machi, wakati usiku bado ni mrefu na anga mara nyingi ni safi, ukubaliane na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Hatua ya 2: Chukua njia ya kwenda tu, kuelekea kaskazini

Kuna safari za aina mbili. Ya kwanza ni ya mzunguko: unatoka Seattle au Vancouver (Canada) na kurudi pale pale. Ni rahisi kwa tiketi za ndege, lakini inakurudisha mbali na Fairbanks. Ya pili ni ya kwenda tu: unapanda Vancouver na kushukia Whittier au Seward, bandari mbili zilizo karibu na Anchorage. Hiyo ndiyo yetu.

Kwa nini kuelekea kaskazini, na si kinyume chake? Kwa sababu mawingu hayana ratiba. Ukimalizia na Fairbanks, anga likigoma unaweza kuongeza siku moja au mbili. Ukianzia Fairbanks, meli haitakungoja.

Angalia pia barafu utakayopitishwa. Chaguo langu ni Glacier Bay, kwa sababu hifadhi hiyo huruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku na walinzi wake hupanda melini kueleza kinachoonekana. Mwaka 1794 mabaharia wa msafara wa nahodha Vancouver waliikuta ghuba hiyo imejaa barafu karibu hadi mlangoni. Leo meli huingia karibu kilomita 100 ndani ndipo ikutane na barafuto, yaani ile mito ya barafu inayotiririka polepole hadi baharini. Injini hupunguzwa, watu hunyamaza, kisha pande la barafu kubwa kama ghorofa hudondoka majini na mlio unakufikia baadaye kidogo. Watlingit, wenyeji wa pwani hiyo, huuita ngurumo nyeupe. Barafuto ya Hubbard pia ni kubwa na ya kuvutia. Soma ratiba ya meli kwa makini: neno "Glacier Bay" liwe limeandikwa, usitosheke na picha ya barafu kwenye tangazo.

Hatua ya 3: Maliza viza kabla ya kulipa kisichorudishwa

Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hukataza meli zilizosajiliwa nje kubeba abiria kati ya bandari mbili za Marekani bila kugusa nchi nyingine. Meli kubwa karibu zote zimesajiliwa nje. Ndiyo sababu hata ile safari ya mzunguko kutoka Seattle husimama Victoria, Canada, wakati mwingine kwa saa chache za usiku tu. Watu wengi hushtukia jambo hili wakiwa wameshalipa.

Kwa hiyo mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo apange kuwa na viza ya Marekani ya kuingia mara nyingi pamoja na viza ya Canada. Mwenye kadi ya kijani ya Marekani huingia Canada bila viza, mradi ana kadi yenyewe na pasipoti hai ya nchi yake. Kadi peke yake haitoshi.

Masharti ya Marekani kwa nchi zetu yamekuwa yakibadilika mara kwa mara. Soma tovuti ya ubalozi mwenyewe, wiki hiyo hiyo unayotaka kuomba, na usitegemee alichoambiwa jirani mwaka jana.

Onyo: Skagway, moja ya bandari za njiani, kuna treni ya kitalii ya White Pass, iliyojengwa kati ya 1898 na 1900 wakati wa mbio za dhahabu. Ziara inayofika Fraser au Carcross inaingia Canada, kwa hiyo uchukue pasipoti. Nimemwona mzee wa watu akibaki gatini kwa sababu pasipoti yake ilikuwa kwenye sefu ya kabini.

Hatua ya 4: Chagua kabini kwa akili

Roshani ni tamu Alaska kuliko Karibi, kwa sababu mandhari ndiyo safari yenyewe. Lakini si lazima. Siku ya barafu utakuwa nje kwenye sitaha na watu wote, na fedha ya roshani inaweza kulipia mikesha miwili Fairbanks. Mimi ningechukua chumba cha ndani na kupeleka tofauti kwenye nuru.

Ukiamua roshani, upande wa kulia unafaa zaidi kwa anayeelekea kaskazini, kwa sababu meli ikitoka kwenye mikondo ya visiwa na kukata Ghuba ya Alaska, nchi kavu huwa upande huo. Anayelewa bahari aombe chumba cha chini, katikati, mbali na omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli.

Hatua ya 5: Bandarini, jambo moja la gharama kwa kila kituo

Ziara za bandarini ndizo zinazokomba mfuko. Juneau, lipia nyangumi: ni mji mkuu wa jimbo usiofikika kwa barabara kutoka nje, na maji yake yana nyangumi wenye nundu kiasi kwamba ni mara chache mashua kurudi bila kuwaona. Barafuto ya Mendenhall iko karibu, kuna basi. Skagway, lipia treni. Ketchikan, usilipie kitu: vaa koti la mvua utembee Creek Street, ule samoni, uangalie nguzo za kuchongwa za Watlingit na Wahaida. Ketchikan hupata zaidi ya milimita 3,500 za mvua kwa mwaka. Ikinyesha, hujaonewa.

Onyo: ukinunua ziara kwa mtu wa nje badala ya meli huokoa pesa, lakini ukichelewa meli haikungoji. Acha saa mbili za akiba.

Hatua ya 6: Pakia nguo kwa matabaka

Aliyepanda Kilimanjaro anazijua tayari. Tabaka la ndani linalokauka haraka, la kati la sufu au flisi, la juu la kuzuia upepo na mvua. Jinzi na fulana za pamba ziwe za kulia chakula tu, kwa sababu pamba ikilowa haikauki na inakunyonya joto. Ongeza glovu, soksi za sufu mbilimbili, viatu visivyopitisha maji, na boshori, au mzura kama wewe ni wa Dar.

Koti zito usilinunulie Marekani. Lipo Gikomba na Karume kwenye mabelo ya mitumba, maana limetoka huku huku.

Septemba melini tegemea nyuzi 7 hadi 13. Fairbanks usiku hukaribia sifuri, na kusimama saa tatu bila kutembea ni baridi nyingine kabisa. Chukua pia darubini ndogo. Watu husahau darubini kuliko kitu kingine, halafu dubu anaonekana ufukoni kama punje ya choroko.

Hatua ya 7: Jaribu bahati melini, bila kuitegemea

Ukiwa baharini Septemba, nafasi ipo ndogo. Fanya hivi:

1. Siku ya kwanza waulize mapokezi kama hupiga simu kabinini nuru zikionekana. Baadhi ya meli hufanya hivyo ukiomba.
2. Jioni angalia Kp, kipimo cha misukosuko ya usumaku wa dunia kinachoanzia 0 hadi 9. Juneau huanza kuwa na matumaini kwenye 3 au 4, Ketchikan 4 au 5. Fairbanks hata 1 au 2 yatosha.
3. Kuanzia saa nne usiku panda sitaha ya juu, kaa mbali na taa za bwawa, na uangalie kaskazini. Nenda omo kama iko wazi kwa abiria.
4. Yape macho dakika 20 bila kutazama simu.

Hatua ya 8: Fairbanks, kazi yenyewe

Kutoka Whittier au Seward panda basi au treni hadi Anchorage. Ukitokea Whittier utapita kwenye handaki la kilomita 4 lenye njia moja, ambayo magari na treni hupeana zamu. Kutoka Anchorage, ndege ni kama saa moja, na gari ni kilomita 580 hivi. Treni ya mchana ya kwenda Fairbanks huchukua saa 12 na hupita karibu na Denali, mlima wa mita 6,190 unaouzidi Kilimanjaro kwa mita 295, lakini huduma yake ya kila siku hukoma katikati ya Septemba. Hakiki tarehe.

Lala Fairbanks siku tatu kwa uchache. Watu wa utalii wa mji huo husema anayekaa mikesha mitatu na kutoka nje kila usiku katika msimu ana nafasi inayopita asilimia 90. Ni wafanyabiashara, ndiyo, lakini hesabu yao naiamini kuliko ya mtu anayelala usiku mmoja.

Mkesha wenyewe hupangwa hivi:

1. Lala mchana. Nasema kweli: lala. Nuru hupenda kutoka kati ya saa nne usiku na saa tisa usiku, na wengi huzikosa kwa usingizi.
2. Jioni tazama mawingu kwanza, Kp baadaye. Kp 6 juu ya wingu zito ni sawa na kununua tiketi ya mpira ukakaa nyuma ya nguzo.
3. Toka mjini. Vilima vya Cleary Summit na Murphy Dome vina anga wazi, na Chena Hot Springs, karibu kilomita 100 kutoka mjini, ina chemchemi za maji moto za kusubiria. Kama huendeshi, nunua nafasi kwenye gari la ziara ya usiku.
4. Fika kabla ya saa nne, zima taa zote, subiri. Nuru huja kwa mawimbi: dakika kumi za kuchezacheza angani, kisha kimya cha saa nzima. Anayeondoka wakati wa kimya ndiye anayesimuliwa kesho yake.

Onyo kwa madereva: barabarani usiku kuna moose, mnyama wa jamii ya kulungu ambaye dume lake hupita kilo 500. Miguu yake ni mirefu, kwa hiyo ukimgonga kiwiliwili kinakuja kwenye kioo. Endesha taratibu.

Hatua ya 9: Piga picha, kisha weka simu chini

Simu ya kisasa yatosha: washa hali ya usiku, iegemeze kwenye stendi ya miguu mitatu, weka sekunde 3 hadi 10, zima fleshi. Mwenye kamera aweke ISO 1600 hadi 3200, tundu la lenzi lililofunguka kabisa, sekunde 5 hadi 15, na alenge nyota kwa mkono. Melini punguza sekunde, kwa sababu meli inayumba na nyota zitatoka kama minyoo.

Yakikwama

"Naona utando mweupe tu, kama wingu." Piga picha ya sekunde tatu. Ikitoka kijani, hizo ndizo. Jicho huona rangi vibaya gizani, na nuru hafifu huonekana za kijivu. Zikipamba moto utaona kijani kwa macho, na pindo la waridi ukibahatika.

"Mawingu mikesha yote." Angalia picha za setilaiti uone wingu linaishia wapi. Mara nyingine ukungu umelala bondeni na ukipanda kilima unautoka. Ikishindikana, ongeza siku. Ndiyo faida ya kumalizia na Fairbanks.

"Betri imekufa ghafla." Ni baridi. Weka simu na pawabenki mfuko wa ndani, karibu na mwili, na uitoe wakati wa kupiga tu.

"Naogopa kulewa bahari." Sehemu kubwa ya njia imekingwa na visiwa na maji yake ni shwari. Pa kuogopa ni Ghuba ya Alaska, usiku mmoja au siku moja. Aliyewahi kuvuka mkondo wa Nungwi kwenda Pemba wakati wa kusi atatabasamu, lakini ameza dawa mapema. Ukishaanza kutapika umechelewa.

"Nahodha ameruka bandari." Hutokea kwa upepo, ukungu au barafu nyingi. Ziara uliyonunua melini hurudishiwa pesa. Ya nje hutegemea masharti yake, yasome kabla.

"Chakula halali?" Omba kwa maandishi wiki kadhaa kabla, kisha mkumbushe mkuu wa wahudumu jioni ya kwanza. Samaki hawakosi kamwe.

"Saa ya simu inaruka mbele na nyuma." Alaska iko nyuma ya Vancouver na Seattle kwa saa moja. Fuata saa inayotangazwa na meli, na uizuie simu isijibadilishe saa yenyewe.

"Nataka kuwapigia wa nyumbani nuru zikitoka." Septemba, saa sita usiku ya Fairbanks ni saa tano asubuhi ya Nairobi na Dar, kwa hiyo watapokea. Ukienda kati ya Novemba na mwanzoni mwa Machi tofauti ni saa 12 kamili, na saa yako ya mishale huna haja ya kuigusa. Ila usihangaike na simu ya video: wataona weusi tu, na utakuwa umetoa mkono kwenye glovu bure. Rekodi, uwatumie ukirudi hotelini.